Kipengele kimoja kinafanya vizuri, safu nzima inaharibika: safu ya antena ya gigahezi 6 hadi 18

Pembe_Hamsini

Wanajukwaa, salaam. Ninasanifu safu ya antena za mikrowevu inayoelekeza mwale wake kielektroniki, bila kuzungushwa na mota. Ninahitaji ifanye kazi kuanzia gigahezi 6 hadi gigahezi 18, na mwale uweze kuinamishwa hadi nyuzi 50 kutoka mbele kuelekea upande wowote. Nilianza kwa njia niliyodhani ni ya kawaida. Nilisanifu kwanza kipengele kimoja, antena ya Vivaldi (mwanya unaopanuka kama tarumbeta) iliyochongwa kwenye bodi ya saketi, nikakihangaikia hadi uakisi wake, yaani nguvu inayorudi kwenye kebo, ukashuka chini ya desibeli hasi 10, sehemu moja ya kumi, katika bendi nzima. Kisha nikapanga vipengele 256, yaani 16 kwa 16, kwa umbali wa milimita 12.5 kutoka kimoja hadi kingine, kwa kuwa hiyo ni nusu ya urefu wa wimbi katika masafa ya kati ya gigahezi 12. Baina ya ukingo wa kipengele kimoja na wa jirani yake niliacha mwanya wa nusu milimita ili kazi ya kuunganisha iwe rahisi.

Uigaji wa kompyuta umenikatisha tamaa. Katika gigahezi 18, ninapouelekeza mwale kwenye nyuzi 50, unatokea mwale mwingine wenye nguvu inayokaribiana nao upande wa pili, kwenye nyuzi 35 hivi. Nikizipanga fezi (hatua ambayo mzunguko wa wimbi umefikia kwenye kila kipengele) kwa ajili ya gigahezi 12 na kuziacha bila kuzibadilisha, mwale unahama kabisa: katika gigahezi 18 unaangukia kwenye nyuzi 31, na katika gigahezi 6 hakuna mwale ninaoweza kuutambua. Tena uakisi ule niliouhangaikia umevurugika, hasa chini ya gigahezi 8, na karibu na gigahezi 11 nguvu ya mwale inaanguka kwenye bonde jembamba na refu ambalo halikuwapo nilipokuwa na kipengele kimoja. Je, nimekosea kwenye kipengele, kwenye mpangilio, au kwenye namna ninavyofanya uigaji wenyewe?

Mzee_wa_Mawimbi

Ndugu Pembe_Hamsini, malalamiko yako mawili ya kwanza hayatokani na kosa la uigaji. Kompyuta imekueleza kweli. Nianze na umbali. Nusu ya urefu wa wimbi katika masafa ya kati ni kipimo cha safu ya bendi nyembamba, ambako masafa ya kati na ya juu ni karibu kitu kimoja. Katika bendi pana, mwenye kauli juu ya umbali ni masafa ya juu kabisa peke yake. Umbali usizidi urefu wa wimbi wa masafa hayo ukigawanywa kwa moja jumlisha sini ya pembe kubwa unayotaka kuufikisha mwale. Kwa gigahezi 18 urefu wa wimbi ni milimita 16.7, na sini ya nyuzi 50 ni 0.766, hivyo mpaka wako ni milimita 9.4. Wewe umeweka 12.5, ambayo katika gigahezi 18 ni robo tatu ya urefu wa wimbi, na kwa umbali huo mwale pacha unaanza kuchungulia kutoka ukingoni mara tu unapovuka nyuzi 19 na nusu. Ukifika nyuzi 50, pacha huyo anakaa kwenye nyuzi 35 upande wa pili, mahali hasa ulipomwona.

Weka milimita 9.2, ujiachie nafasi kidogo. Ujue tu kwamba marekebisho hayo yana gharama: ukitaka kubaki na uso ule ule wa takriban milimita 200 kwa 200, vipengele vinapanda kutoka 256 hadi 484, karibu mara mbili, na kila kimoja kina njia yake ya umeme nyuma yake.

Kuhusu mwale unaohama, kigeuza fezi kinatoa pembe ya fezi ile ile kwa kila masafa, ilhali mwelekeo unahitaji tofauti ya muda. Sini ya mwelekeo inabadilika kinyume na masafa. Ukipanga kwa gigahezi 12 na nyuzi 50, katika gigahezi 18 sini inashuka hadi 0.511, ambayo ni nyuzi 31 zako. Katika gigahezi 6 sini ingetakiwa kuwa 1.53, na hakuna pembe duniani yenye sini hiyo, ndiyo maana mwale umepotea.

Hata hivyo, kabla hujakimbilia vicheleweshi vya muda (saketi zinazoichelewesha ishara kwa muda ule ule katika kila masafa), jibu swali hili ambalo watu wengi hulisahau na kisha hulipa gharama kubwa isiyo na sababu. Je, unahitaji bendi yote, yaani upana wa gigahezi 12, kwa wakati mmoja, au unahitaji ishara nyembamba inayoweza kukaa popote ndani ya bendi hiyo? Kama ni hilo la pili, vigeuza fezi vinatosha, mradi fezi zikokotolewe upya kila unapohama masafa.

Shaba_na_Saketi

Mzee ameshughulikia miale. Mimi nitaingia kwenye uakisi, kwa sababu hapo ndipo kosa la msingi lilipo, nalo ni kosa la mtazamo kuliko la hesabu. Ulisanifu kipengele kimoja kikiwa peke yake, ukatarajia kiwe na tabia hiyo hiyo kikiwa kati ya wenzake. Katika bendi pana hilo haliwezekani. Tazama umbali mpya wa milimita 9.2: katika gigahezi 18 ni zaidi kidogo ya nusu ya urefu wa wimbi, lakini katika gigahezi 6, ambako wimbi lina urefu wa milimita 50, ni chini ya sehemu moja ya tano. Vipengele vilivyobanana kiasi hicho vinaathiriana utake usitake. Sehemu ya nguvu inayotoka kwa kimoja inaingia kwa jirani na kurudi kwenye kebo ya jirani huyo, na kile unachokiona kwenye mlango wa kipengele, pale kebo inapoungana nacho, wakati safu nzima inafanya kazi ni jumla ya uakisi wake mwenyewe na michango ya majirani wote, kila mmoja akija na fezi yake. Ukiinamisha mwale, fezi hizo zinabadilika, na jumla nayo inabadilika. Kwa hiyo hakuna kitu kinachoitwa impedansi ya kipengele (ukinzani wake kwa mkondo mlangoni) pasipo kutaja mwelekeo wa mwale.

Kuna hesabu moja ambayo huwa ninawapa vijana wanaoanza kazi hii, maana inaondoa ndoto mapema. Ongezeko la juu kabisa la kipengele kilicho ndani ya safu kubwa, kikilishwa peke yake huku wengine wakiwa wamefungwa kwa mizigo inayolingana (vipingamizi vinavyomeza nguvu), haliwezi kuzidi eneo la seli yake likizidishwa kwa pai mara nne na kugawanywa kwa mraba wa urefu wa wimbi. Kwa seli yenye upande wa milimita 9.2, hiyo ni takriban desibeli 5.8 katika gigahezi 18, lakini katika gigahezi 6 ni desibeli hasi 3.7. Hasi, ndugu yangu. Hata kama kipengele chako kikiwa peke yake kina ongezeko la desibeli kadhaa, ndani ya safu nguvu iliyobaki inamezwa na mizigo ya majirani. Mtafiti wa antena Hannan alilieleza jambo hili mwaka 1964, na tangu hapo hakuna ubunifu wa umbo uliolikwepa, kwa kuwa mpaka unawekwa na eneo la seli. Wote wakilishwa kwa pamoja na kulinganishwa vizuri, michango inayorudi inafutana, na safu inarudishiwa haki yake yote.

Sasa, badala ya kupigana na mwingiliano huo, unaweza kuutumia. Mwaka 1965 mtafiti mwingine, Wheeler, alichambua safu ya kufikirika: bamba lisilo na mwisho la mkondo wa umeme unaotiririka bila kukatika. Bamba la namna hiyo halina kitu chochote cha kulifanya lipende masafa fulani, kwa hiyo bendi yake haina mpaka kinadharia. Kinachobadilika ni pembe tu. Mwale ukiinama ndani ya bapa la uga wa sumaku (lililokingama na mkondo), impedansi inagawanywa kwa kosini ya pembe; ukiinama ndani ya bapa la uga wa umeme (linalofuata mkondo), inazidishwa kwa kosini hiyo. Katika nyuzi 60 upande mmoja unapata maradufu na mwingine nusu, na uakisi unafika desibeli hasi 9.5. Katika nyuzi zako 50 badiliko ni mara 1.56 tu, na uakisi ni desibeli hasi 13. Ukiona mtu anang'ang'ania nyuzi 60 pasipo kuwa na sababu, mwonyeshe namba hizo mbili.

Bamba la Wheeler linakaribiwa kwa dipoli fupi (antena za mikono miwili ya shaba inayolishwa katikati) zilizopangwa ncha kwa ncha, na baina ya ncha hizo kapasita ndogo, ambayo mara nyingi ni vidole vya shaba vilivyofumana kwenye bodi yenyewe. Wazo hili lilikuzwa sana na Munk, na siri yake iko kwenye bamba la metali linalowekwa nyuma ili mwale usirudi kinyumenyume. Kimo cha dipoli juu yake kikiwa chini ya robo ya urefu wa wimbi, bamba hilo linaonekana kama indakta na linataka kuua masafa ya chini. Kapasita za ncha zinalijibu kwa tabia ya kinyume, zote mbili zikafutana katika eneo pana. Hatari iko juu, kwani pale ambapo kimo cha dipoli juu ya bamba kinafikia nusu ya urefu wa wimbi, bamba linakuwa kama waya uliounganisha mlango kwa mlango, na safu hairushi kitu. Kwa bendi yako, kimo cha milimita 5 ni sehemu moja ya kumi ya wimbi katika gigahezi 6 na sehemu tatu za kumi katika gigahezi 18, kwa hiyo uko salama pande zote mbili. Juu yake unaweza kuweka tabaka jembamba la dielektriki ili kulainisha badiliko la impedansi pembe inapokua, mbinu ambayo Magill na Wheeler waliieleza mwaka 1966. Safu nzima inakuwa na unene wa milimita chache mahali ambapo Vivaldi zako zinahitaji sentimita kadhaa.

Kuhusu uigaji, acha kipengele cha peke yake kabisa. Sanifu seli moja yenye mipaka inayojirudia, yaani kompyuta ichukulie kwamba seli hiyo imezungukwa na nyingine zisizo na idadi, na tangu siku ya kwanza uipime kwa mwale ulionyooka na ulioinama katika bapa la uga wa umeme, la uga wa sumaku na la mshazari. Safu yenye mwisho uifanyie uigaji baadaye, seli ikishakubali.

Pembe_Hamsini

Ninawashukuru nyote wawili. Mzee, swali lako limenifanya nirudi kwenye mahitaji niliyopewa na kuyasoma kwa makini. Ishara moja ina upana wa gigahezi 2, na inaweza kukaa popote kati ya 6 na 18. Safu inapokea tu, hairushi. Je, gigahezi 2 inahesabiwa kuwa nyembamba kwa uso wa milimita 200? Na Shaba, nimekuelewa kuhusu dipoli, lakini nimeshatengeneza kalibu na michoro yote ya Vivaldi. Ni lazima niitupe?

Mzee_wa_Mawimbi

Umeniondolea shaka kwa kusema kwamba unapokea tu. Kama ungekuwa unarusha wati 1 kwa kila kipengele kupitia amplifaya zenye ufanisi wa asilimia 20, joto la karibu kilowati 2 lingezaliwa nyuma ya uso wa sentimita 20 kwa 20, na mazungumzo yetu yangekuwa ya mabomba ya maji kuliko antena.

Gigahezi 2 si nyembamba kwako. Fikiri hivi. Wimbi linalokuja kutoka nyuzi 50 linaugusa ukingo mmoja wa safu yako na kuufikia wa pili baada ya kusafiri milimita 153 zaidi, nazo ni nanosekunde 0.51. Katika gigahezi 18 hiyo ni mizunguko mizima tisa na ushee, na kigeuza fezi, kwa kuwa kinahesabu kuanzia sifuri hadi nyuzi 360 na kuanza upya, kinaitupa yote tisa na kubaki na ushee. Kwa masafa moja hakuna anayegundua; masafa yakisogea, kila mzunguko uliotupwa unadai haki yake. Ukikubali kwamba kwenye kingo za ishara mwale uhame kwa robo ya upana wake, kiasi kinachokugharimu kama robo tatu ya desibeli, vigeuza fezi pekee vinakuruhusu takriban megahezi 870 kwa uso huo na pembe hiyo. Jambo linalopendeza ni kwamba namba hiyo ni ile ile uwe katika gigahezi 6 au 18, kwa sababu kinachoiweka ni muda wa wimbi kuvuka uso, na muda huo haujali masafa. Wewe unataka zaidi ya mara mbili yake. Kwa mwale unaotazama mbele moja kwa moja huna tatizo lolote. Tatizo linakua kadiri unavyoinamisha.

Njia safi ni kuweka kicheleweshi cha muda kwenye kila kipengele. Kwa hatua ya pikosekunde 1, ambayo katika gigahezi 18 ni nyuzi 6.5 za fezi, biti tisa zinakupa pikosekunde 511, karibu kabisa na hitaji lako la bapa moja. Usidanganyike na ulingano huo mzuri, hata hivyo: mwale ukiinama kuelekea kona ya safu, safari ni kutoka kona hadi kona na hitaji linapanda hadi pikosekunde 723, hivyo ni biti kumi. Na biti kubwa ni mstari mrefu unaopoteza nguvu, tena unapoteza zaidi katika masafa ya juu kuliko ya chini, kwa hiyo kila hali ya kicheleweshi inakuja na kimo chake cha ishara na mteremko wake, vyote vikihitaji kusawazishwa. Kuweka vitu hivyo 484 nyuma ya seli za milimita 9.2 sikushauri.

Njia ninayoipendekeza ni kugawa safu katika vikundi vya vipengele 4 kwa 4. Kila kipengele kinabaki na kigeuza fezi chake, na kila kikundi kinapata kicheleweshi kimoja. (Vipengele 22 havigawanyiki kwa 4, kwa hiyo nenda 20 au 24, kwa 20 una vikundi 25 tu.) Ndani ya kikundi uso ni milimita 37, si 200, na upana unaovumilika unakua kwa uwiano huo, unavuka gigahezi 4. Lakini yapo madhara ambayo vitabu vya mwanzo huyapitia haraka. Vituo vya vikundi viko umbali wa milimita 37, zaidi ya mara mbili ya urefu wa wimbi katika gigahezi 18, kwa hiyo safu ya vikundi peke yake ina miale pacha mingi. Kwenye masafa uliyopangia fezi, mabonde ya mwale wa kikundi yanaangukia juu ya pacha hao na kuwazima. Ukisogea gigahezi 1 juu au chini, mwale wa kikundi unahama huku pacha wakihama kwa namna nyingine, mabonde yanawakosa, nao wanainuka. Mwale mkuu utauona mzuri na utaridhika, ilhali adui yuko pembeni. Dawa ya wastani ni kuzisogeza safu mlalo za vikundi kama matofali ya ukuta, ili makosa yasijipange mstari mmoja. Dawa kali zaidi ni vikundi vyenye maumbo na ukubwa usiofanana.

Kwa kuwa unapokea, weka amplifaya ya kelele ndogo mbele ya kigeuza fezi na kicheleweshi, kamwe isiwe nyuma yake, la sivyo upotevu wao wote utahesabiwa kama kelele yako.

Ipo pia lenzi ya Rotman, iliyochapishwa na Rotman na Turner mwaka 1963, ambayo inatoa muda halisi kwa umbo lake tu bila biti yoyote. Ni nzuri pale unapotosheka na miale michache isiyobadilika katika bapa moja. Wewe unataka kila upande, kwa hiyo nimeitaja kwa heshima tu.

Karani_wa_Maabara

Ninaomba nitofautiane kidogo na Shaba. Vivaldi si za kutupwa. Tangu Gibson alipozitangaza mwaka 1979 zimebaki kuwa kipengele cha kwanza ambacho wapimaji wengi hukiamini katika bendi pana, kwa sababu zinapokea kebo ya kawaida ya omu 50 bila kuhitaji kibadilishaji kigumu, na ndani ya safu zinaweza kufunika uwiano wa kumi kwa moja. Bendi ya ndugu yetu ni tatu kwa moja tu. Kosa lake liko kwenye ule mwanya wa nusu milimita.

Ndani ya safu, Vivaldi haifanyi kazi kama pembe inayojitegemea. Mkondo unataka kuvuka kutoka ukingo wa shaba wa kipengele kimoja hadi kwa jirani bila kukatizwa. Hilo ndilo linaloziruhusu zifanye kazi katika masafa ya chini ambako kila moja peke yake ni fupi mno. Ukiukata mkondo huo kwa mwanya, unakuwa umetengeneza mfereji mwembamba unaoshuka kutoka mdomoni hadi kwenye bamba la nyuma, na mfereji uliofungwa upande mmoja ni kitu kinachovuma kwa masafa yake mwenyewe. Lile bonde lako jembamba la karibu gigahezi 11 ninalishuku kuwa ndilo hilo. Jaribu kwa dakika tano: katika uigaji, ziba mwanya kwa shaba na uangalie kama bonde linaondoka. Likiondoka, basi kwenye chombo halisi weka nguzo ndogo za metali baina ya bodi, zenye mifereji ambamo kingo zinachomekwa na kugusana kwa urefu wao wote, au springi za kugusisha. Mguso wa nukta moja hapa na pale hautoshi, kwani unaigawa mifereji kuwa mifupi na kulisogeza bonde juu badala ya kuliondoa.

Ninakubali kasoro moja ya Vivaldi ambayo Shaba hakuitaja, labda kwa hisani. Mwale ukiinamishwa katika bapa la mshazari, polaraizesheni isiyotakiwa (uga wa umeme unaotikisika upande usioutaka) inapanda sana, kwa kuwa sehemu ya mkondo inapita wima kwenye urefu wa kipengele. Kama una vipengele vya pande mbili zilizovukana, unaweza kuisahihisha kwa kuchanganya milango miwili kwa uzito unaofaa. Kama una upande mmoja tu, utaivumilia.

Shaba_na_Saketi

Karani amenishika kwa haki, na kwa hisani yake nami nitataja kasoro ya dipoli ninazozipenda. Dipoli inataka kulishwa kwa waya mbili zilizosawazika, nasi tuna kebo ya koaksia isiyosawazika na seli ya milimita 9.2 tu ya kuwekea baluni, kiunganishi cha aina hizo mbili. Ukiilisha bila usawa, mikondo inapanda kwenye waya zote mbili kwa mwelekeo mmoja, inazunguka kati ya dipoli na bamba la nyuma, na kukuzalia bonde jembamba katikati ya bendi mara mwale unapoinama, bonde linalofanana sana na lako. Linaondolewa kwa vijiti vya shaba vinavyounganisha mikono ya dipoli na bamba la nyuma mahali palipokokotolewa, vinavyousukuma mvumo huo nje ya bendi. Tena impedansi ya asili ya seli ni kubwa, aghalabu omu 200 hivi, kwa hiyo unahitaji kuishusha hadi 50 ndani ya nafasi hiyo hiyo finyu. Kwa aliyekwisha kuwa na kalibu ya Vivaldi na hana tatizo la kina, sina hoja ya kumshawishi aanze upya.

Pembe_Hamsini

Nimerudi na matokeo. Nimesanifu upya seli ya Vivaldi kwa milimita 9.2 ndani ya mipaka inayojirudia, nikaziba mwanya kwa nguzo. Bonde la gigahezi 11 limeondoka lote, na mwale pacha wa gigahezi 18 haupo tena hadi nyuzi 50. Uakisi uko chini ya desibeli hasi 10 karibu kila mahali, isipokuwa kona moja ya gigahezi 6 mwale ukiinama ndani ya bapa la uga wa sumaku, ambako ni desibeli hasi 8. Nimechagua vipengele 20 kwa 20, na vikundi nimevipanga kama matofali.

Lakini nilipoifanyia uigaji safu yenye mwisho, vipengele vya pembezoni katika gigahezi 6 vimeharibika vibaya, vingine vikifika desibeli hasi 4. Je, seli yangu imenidanganya?

Karani_wa_Maabara

Seli haijakudanganya, imekueleza habari za kipengele chenye majirani pande zote, nacho cha pembezoni kina majirani upande mmoja. Uso wa milimita 184 katika gigahezi 6 hauzidi sana mara tatu na nusu ya urefu wa wimbi, kwa hiyo katika masafa hayo sehemu kubwa ya safu yako ni pembezoni. Ongeza mistari miwili ya vipengele bubu kuzunguka safu yote, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwa mzigo wa omu 50, na vikiunganishwa na vya ndani kwa nguzo zile zile. Vitakula nafasi ya milimita 18 kila upande na havitapokea chochote kwa faida yako, ila vitawapa wa pembezoni majirani wa kuegemea. Ile desibeli hasi 8 ya kona iache kama ilivyo. Inakugharimu chini ya desibeli moja, na kuifukuza kutakuharibia gigahezi 18.

Utakapofika kwenye upimaji, usiridhike na uakisi wa mlango mmoja mmoja kwenye kichambuzi cha mtandao, kile kifaa cha kupimia uakisi wa saketi. Chukua kipengele cha katikati, pima uhusiano wake na kila jirani, vingine vyote vikiwa vimefungwa kwa mizigo, kisha jumlisha kwa kompyuta ukivipa fezi za mwelekeo unaoutaka. Halafu pima umbo la mwale wa kipengele hicho kikiwa ndani ya safu, peke yake kikilishwa, kutoka nyuzi 0 hadi 60 kwa hatua ndogo. Shimo lolote utakaloliona kwenye umbo hilo ni mwelekeo ambao safu nzima itakuwa kipofu, nawe utakuwa umelijua kabla hujaunganisha kigeuza fezi hata kimoja.